Tema Povu, Acha Maji

Katika nyumba nyingi za mjini, asubuhi huenda hivi: mswaki, kikombe cha maji, kisha kusuuza mara mbili tatu mpaka ladha ya dawa ya meno iishe kabisa mdomoni. Siku hizi, penye uwezo, hufuata kifuniko kimoja cha dawa ya kusukutua, ile ya kijani au ya buluu inayowasha ulimi. Mtu hutoka bafuni akiamini kinywa chake kimetakata kuliko cha jirani. Kumbe hatua hizo mbili za mwisho zimemwondolea sehemu kubwa ya kinga aliyoilipia dukani.

Kinga hiyo ni floraidi. Dawa nyingi za meno za watu wazima huwa na floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 katika kila milioni. Kila tunapokula kitu chenye sukari, bakteria walioganda kwenye utando wa meno hutengeneza asidi, na asidi hiyo huchomoa madini ya jino. Mate huyarudisha madini taratibu. Floraidi ikiwepo, hurudi kwa kasi zaidi, na tabaka linalojengwa huistahimili asidi vizuri zaidi. Lakini floraidi inahitaji muda wa kukaa juu ya jino. Dawa ya kusukutua ya kila siku yenye floraidi huwa na sehemu 225 hivi tu. Anayeitumia mara tu baada ya mswaki anaondoa iliyo nyingi ili aweke iliyo kidogo.

Ndiyo maana huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza huwashauri watu wateme povu bila kusuuza. Anayependa dawa ya kusukutua aitumie saa nyingine, mathalani baada ya chakula cha mchana, kisha akae nusu saa bila kula wala kunywa. Najua ushauri huu unagongana na malezi. Wengi tulilelewa kusuuza mpaka maji yatoke safi, na kubakiza povu mdomoni tunaona kinyaa. Basi tema, tema tena, mate yatamalizia. Mdomo huzoea.

Chupa yenyewe ina historia inayofaa kujulikana. Dawa ya kusukutua ya Listerine ilibuniwa mwaka 1879 mjini St. Louis, Marekani, na Joseph Lawrence, ikapewa jina kwa heshima ya Joseph Lister, daktari Mwingereza aliyeanzisha matumizi ya dawa za kuua vijidudu katika upasuaji. Mwanzoni ilikuwa dawa ya kusafishia vidonda na vyumba vya upasuaji. Mwaka 1914 ikaanza kuuzwa madukani bila cheti cha daktari. Kilichoifanya itajirishe wenye nayo ni matangazo ya miaka ya 1920 yaliyowatia watu hofu ya kunuka mdomo: msichana haolewi, kijana hapati kazi, na hakuna rafiki wa kumwambia sababu. Kampuni ilidai pia kwamba dawa hiyo huzuia mafua. Mwaka 1975 tume ya serikali inayosimamia biashara ikaiamuru itangaze kwamba haizuii mafua wala maumivu ya koo, na mahakama ikaiunga mkono mwaka 1977.

Hofu ile ya kunuka imebaki, nasi tumeirithi. Ila harufu mbaya mara nyingi hutoka kwenye utando wa nyuma ya ulimi, kwenye fizi zinazougua, au kwenye mabaki ya chakula katikati ya meno. Manukato ya chupa huifunika kwa muda, kisha inarudi. Kusugua ulimi na kupitisha uzi katikati ya meno husaidia zaidi, na fizi zinazotoa damu kila siku zinahitaji daktari wa meno. Inanisikitisha kuona mtu akinunua chupa mwezi baada ya mwezi ili afiche ugonjwa unaotibika.

Ziko dawa za kusukutua zenye kazi maalumu. Klorheksidini, ambayo daktari huweza kukuandikia fizi zikivimba au baada ya upasuaji wa kinywa, huzuia utando kwa nguvu. Ikitumiwa kwa muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kubadili ladha ya chakula, hivyo hutolewa kwa siku chache au majuma machache. Isitoshe, kinywani wamo bakteria tunaowahitaji: walio kwenye ulimi huanza kazi ya kugeuza naitreti ya mchicha na mboga nyingine za majani kuwa kemikali inayolegeza mishipa ya damu. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2013, wa watu 19 wenye afya njema, ulionyesha shinikizo la damu likipanda kidogo baada ya siku 7 za kutumia dawa ya aina hii. Idadi hiyo ni ndogo mno kuhitimisha jambo, lakini yatosha kumfanya mtu asisukutue kwa mazoea tu.

Aliyeng'olewa jino hahitaji hata chupa. Kuanzia siku inayofuata, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo humtosha, na ayasukutue polepole ili damu iliyoganda isitoke.

Watoto wa chini ya miaka 6 wasipewe dawa ya kusukutua yenye floraidi, kwa kuwa huimeza. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Nakuru jambo hili lina uzito zaidi, kwani maji ya visima vingi huko yana floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia tunayoyaona huko huharibika yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Hakuna dawa ya kusukutua inayoiondoa rangi hiyo, hata chupa iahidi nini. Mzazi wa huko atamfaa mwanawe zaidi akianza na maji ya kunywa: aulize yanatoka kisima gani, yamepimwa lini, na kama maji ya mvua yanaweza kukingwa kwa ajili ya mtoto.