Dhiki Inavyogeuka Shairi: Kifungo cha Abdilatif Abdalla

Mtu aliyefikwa na msiba hulia. Mshairi naye hulia, kisha huhesabu mizani, na ni katika kuhesabu huko dhiki inapoanza kugeuka shairi. Uchungu peke yake hautoi ubeti. Ungetoa, kila mfiwa angekuwa mshairi bingwa kama Muyaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", akihoji mwenendo wa serikali ya Jomo Kenyatta wakati chama cha upinzani cha KPU kilipokuwa kikibanwa. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akatengwa na wafungwa wenzake. Humo gerezani alitunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje kwa siri.

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa ni umbo. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili vya mizani minane minane, na vina vyake ni vya kati na vya mwisho. Aliye peke yake chumbani hawezi kumwaga tu hasira ndani ya umbo hilo: kila neno hupimwa, linalozidi hukatwa, lisilolingana kwa kina hutafutiwa jingine. Sheria za arudhi, ambazo wengine huziita pingu, hapa zilimwezesha mfungwa kuyatawala maumivu yake. Lahaja ya Kimvita, lugha ya nyumbani kwao, ilimpa pia hazina ya vina na maneno ya mkato.

La pili ni fumbo. Katika "Mamba", mwenye nguvu ni mnyama anayetamba mtoni. Katika "Jipu", maumivu yamepewa mwili. Kwa njia hiyo shairi linamtoka mtunzi na kuwa la kila aliyewahi kuonewa. Mbinu hii si ngeni pwani. Masimulizi yanaeleza kuwa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, akiwa kifungoni, alimwimbia mjakazi wake ujumbe wa mafumbo ampelekee mama yake: aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Walinzi waliusikia wimbo wasiuelewe.

Hata hivyo, fumbo si woga. "Siwati" linatangaza waziwazi kwamba mtunzi hauachi msimamo wake, nalo lina nguvu kwa sababu halimwombi msomaji huruma.

Abdilatif aliachiliwa mwaka 1972. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 na Oxford University Press kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.