Je, Yafaa Kujinyoosha Kabla ya Kazi?

Ninyi wakulima wa Cheptiret na wa skimu zote za Uasin Gishu mwaijua baridi ya alfajiri. Unatoka kitandani saa kumi na moja, nyasi zimelowa umande, vidole havitaki kushika ndoo, nawe unakwenda moja kwa moja kukamua. Au ni mwezi wa Novemba, lori limekuja mapema kuchukua mahindi, na kabla hujanywa hata chai unainama kuinua gunia la kilo 90. Kiuno kinakataa. Siku hiyo kazi imekwisha, na pengine juma zima hutashika kitu, na mahindi yaliyobaki shambani yanangoja kunyeshewa.

Watu wengi hufikiri kwamba dawa ya jambo hili ni kujinyoosha kwanza. Husimama nje ya mlango, miguu imenyooka, wakainama kugusa vidole vya miguu na kujivuta mpaka machozi yawatoke, kama tulivyofundishwa shuleni. Vijana wanaofanya mazoezi ya kukimbia nao huulizana kama ni lazima. Jibu letu ni kwamba la kwanza ni kuupasha mwili moto. Kujinyoosha kwaweza kungoja, na kule kujivuta kwa nguvu mara tu baada ya kuamka afadhali kuachwa kabisa.

Watazame wakimbiaji, maana hapa kwetu hawako mbali. Huko Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge alifanya mazoezi yake kabla ya kukimbia maratoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mwaka 1922 + 100, yaani 2022, asubuhi za mazoezi mepesi huanza kwa mwendo wa polepole mno. Mgeni huwatazama akadhani hata yeye angeweza kuandamana nao. Mwendo huongezeka kidogo kidogo, na baada ya nusu saa mgeni yule haoni hata vumbi lao. Tena wazee wetu wanakumbuka tarehe 20 Oktoba 1968, Kipchoge Keino aliposhinda mbio za mita 1,500 kule Mexico. Husimuliwa kwamba basi lililokuwa likimpeleka uwanjani lilikwama kati ya magari mengi, naye akashuka akaenda mbio sehemu ya njia iliyobaki. Hatusemi kwamba hilo ndilo lililompa ushindi. Lakini hakuingia uwanjani na mwili wa baridi.

Sababu yake si ngumu. Ukiwasha trekta asubuhi ya baridi, huliingizi plau papo hapo; unaliacha lingurume kwanza mpaka mafuta yafike kila mahali. Maksai nao huwatoi zizini ukawafunga mzigo mzito kabla hawajatembea. Mwili ukianza kwenda taratibu, moyo hupeleka damu zaidi kwenye misuli, misuli hupata joto na kulegea, na ute ulio ndani ya viungo huteleza vizuri zaidi. Kusimama mahali pamoja na kuvuta msuli hakuleti joto hilo. Tena msuli mmoja ukivutwa na kushikwa hivyo zaidi ya dakika moja, nguvu zake hupungua kidogo kwa muda.

Jambo hili limepimwa. Katika jeshi la Australia, askari wapya 1,538 waligawanywa makundi mawili kwa majuma 12. Wote walipasha miili moto, lakini kundi moja lilijinyoosha pia kabla ya mazoezi. Matokeo yalitolewa mwaka 2000: walioumia miguu walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Lakini huko Norway, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, wasichana wacheza mpira walioanza kwa kukimbia polepole na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, kwa muda wa dakika 20 hivi, waliumia pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wenzao.

Sasa sikiliza habari ya mgongo, kwa kuwa hii yamhusu mkulima kuliko mkimbiaji. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna vitakia laini. Usiku ukiwa umelala, vitakia hivi hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana mtu akiamka huwa mrefu kuliko alivyokuwa jioni, kwa sentimita moja hivi au zaidi. Pima mtoto wako ukibisha. Kitakia kilichojaa hivyo hakipendi kukunjwa, na ukiinama sana katika saa ya kwanza baada ya kuamka unakilemea kuliko ambavyo ungekilemea saa nne. Marekani, mwaka 1998, watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu walifundishwa kutoinama mapema asubuhi, na maumivu yao yakapungua. Basi yule anayegusa vidole vya miguu mlangoni, akidhani anautengeneza mgongo, anauonea.

Lakini ng'ombe hawangoji, wala hatukuambii ulale mpaka jua lipande. Ukiamka, tembea. Fungua lango, zunguka zizi, peleka majani kwa ndama, zungusha mabega na mikono. Dakika kumi zatosha, na ukianza kuhisi joto chini ya koti ndiyo alama yake. Kukamua, kaa juu ya kigoda karibu na ng'ombe, usikamue umepinda mgongo. Nawe mama unayechota maji alfajiri, mtungi wa lita 20 usiwe mzigo wako wa kwanza. Anza na ule mdogo. Wakati wa palizi, dakika za kwanza piga jembe kwa wepesi. Pampu ya dawa ya mgongoni ijaze nusu kwa mzunguko wa kwanza. Gunia libebwe na watu wawili, likae karibu na kifua, piga magoti badala ya kupinda kiuno, na ukigeuka geuka kwa miguu.

Kuna saa nyingine ambayo watu huisahau. Umepanda lori mpaka Eldoret, umekaa juu ya magunia saa nzima upepo ukikupiga, kisha unaruka chini na kuanza kupakua. Mwili wako umepoa tena. Tembea kwanza.

Kujinyoosha hatukukatazi. Jioni, kazi ikiisha na mwili ungali na moto, jinyooshe taratibu, sekunde 30 kila upande, bila kujilazimisha. Viungo vitapata kukunjika na kunyooka vyema, ila usitazamie kwamba maumivu ya kesho yatakwisha kwa hilo.

Kiuno kikiumia, usilale kitandani siku nyingi. Tembea kadiri uwezavyo. Lakini mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, nenda hospitali siku ile ile, hata kama ni katikati ya mavuno.