Tusome kwanza namba za bwate, njo tununue kamiyo

Mu magaraji ya Bunia mtu akitaka kusifu kamiyo yake anataja farasi. "Hii iko na farasi 371!" Na wote wanaitika. Hakuna mwenye kuuliza bwate ya vitesi inaweza kubeba nini. Sisi wa sendika ya wafanyakazi wa migodi tulikuwa vilevile, mpaka siku ile ya mlima wa Bogoro.

Njia ya Kasenyi munaijua. Bunia iko juu, mita zaidi ya 1,200. Ziwa Albert liko chini, karibu mita 620. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo kamiyo inaipanda pahali pamoja, kati ya ziwa na Bogoro. Siku hiyo kamiyo ya mwajiri mmoja, mwenye kubebea mgodi mizigo, ilikuwa inapanda na sima. Moteri haikuchoka hata kidogo. Bwate njo ilichoka. Tulisikia mlio kama mtu anavunja mifupa, kisha moteri ikabaki inalia bure, magurudumu hayapati kitu. Kamiyo ikaanza kurudi nyuma pole pole. Shofere akakanyaga freni, lakini kwa uzito ule freni peke yake haikutosha. Musaidizi wake akaruka na gogo, akaliweka nyuma ya tairi. Gogo lilishika. Mguu wake pia ulishikwa. Mpaka leo anatembea na fimbo.

Mwisho wa mwezi shofere akakuta mshahara umekatwa. Aliambiwa: "Wewe njo umevunja bwate." Hapo sisi madelege tulikataa, tukasema kwanza tuangalie ile kamiyo chini.

Tulienda na mekanisiye mzee, mtu wa kazi. Alisafisha mafuta na kitambaa, akatuonyesha vibao viwili. Moteri ile ya Howo ya farasi 371 inatoa kuple ya Nm 1,500. Kuple ni nguvu ya kuzungusha. Ukitaka kuielewa, chukua chuma cha urefu wa mita moja, uning'inize kilo 150 ku mwisho wake: nguvu ile inayotaka kuzungusha chuma njo karibu Nm 1,500. Farasi zinaonyesha moteri inaweza kufanya kazi kiasi gani kwa muda fulani. Lakini kinachovunja meno ya bwate ni kuple. Na kuple kubwa haiji moteri ikizunguka mbio. Inakuja chini, kati ya mizunguko 1,100 na 1,600 kwa dakika, pale pale shofere anapopandia mlima.

Sasa bwate. Ile ya kiwanda, HW19710, imetengenezwa kubeba Nm 1,900. Kwa hiyo moteri ikitoa yote, kunabaki akiba ya 400. Lakini ilikuwa imezeeka, na mwajiri alitafuta okazyo ya bei ndogo. Akaleta 9JS119. Mekanisiye akatuambia: "Soma ile namba ya mwisho. 119 maana yake ni Nm 1,190." Moteri inatoa 1,500, bwate inabeba 1,190. Iliingia vizuri, ikafungwa, ikatembea mu mji hata wiki kadhaa. Lakini kuingia si kuweza. Shofere hakuvunja kitu. Bwate ilivunjika siku ile iliponunuliwa.

Basi tuliandika mambo ambayo tunataka kila shofere na kila patroni ayajue.

La kwanza: namba ya bwate ipite namba ya moteri, na ibaki akiba. Kwa nini akiba? Kwa sababu njia zetu ni matope na mashimo, watu wanapakia kupita kipimo, na kila mara ambreyaji inapoachiwa kwa nguvu, meno yanapata pigo. Kwa ZF ya Ujerumani pia unaweza kusoma: 16S 221 ni vitesi 16, na kuple karibu Nm 2,200.

La pili: uliza vitesi ya kwanza iko chini kiasi gani. Mu HW19710 ni 14.28, maana moteri inazunguka zaidi ya mara 14 ndipo mti wa nyuma ya bwate unazunguka mara moja. Hiyo njo inaondoa kamiyo ku mlima bila kuchoma diski. Bwate ya vitesi ya kwanza ndefu inamulazimisha shofere kuchezesha ambreyaji, na diski inaungua mbele ya mwezi.

La tatu: angalia namna imejengwa. Bwate za aina ya Fuller, ya Marekani, ziko na miti miwili ya pembeni, si mmoja. Mzigo unagawanywa, kila jino linabeba nusu. Nyingi za aina hiyo hazina senkro mu vitesi kubwa: shofere lazima akanyage ambreyaji mara mbili. Ni imara, lakini zinadai shofere aliyefundishwa. Patroni akinunua bwate hiyo, alipe pia siku za kufundisha.

La nne: mafuta na pyesi. Bwate ambayo pyesi zake hazipatikane Bunia wala Kampala, hata ikiwa na nguvu namna gani, itakulaza njiani. Na kulala njiani huku kwetu, mu jimbo ambalo liko chini ya état de siège tangu Mei 2021, munajua maana yake. Ukimwaga mafuta ukakuta vipande vya chuma, usipande mlima tena. Na kushuka ni hatari kuliko kupanda: vitesi ikiruka kamiyo inateremka, moteri haiishike tena, mzigo wote unabaki ku freni, freni inapata moto, inaacha kushika.

Wengine watasema: hii ni kazi ya mekanisiye, sendika inaingilia nini? Tunajibu: mguu uliovunjika ulikuwa wa nani? Code du travail ya 2002 inataka komite ya usalama na usafi mu kazi, na haimupe patroni ruhusa ya kukata mshahara vile anavyotaka. Kibao cha bwate ni jambo la usalama sawa na kofia ya mgodi.

Tulikaa na yule mwajiri mara tatu. Mara ya kwanza alitufukuza. Mara ya tatu alirudisha pesa ya shofere, akakubali kuandika: bwate haibadilishwe tena mpaka vibao viwili visomwe mbele ya shofere, mekanisiye na delege mmoja. Matunzo ya musaidizi tungali tunayadai.

Wenzetu wa Mongbwalu, wa Kilo, wa Mambasa: kesho asubuhi mbele ya kupakia, chukueni kitambaa, ingieni chini ya kamiyo, musome. Namba ya bwate ikiwa ndogo kuliko ya moteri, musipande. Mutuite.