Usonji na nepi: Si ukaidi wa mtoto

Miongoni mwa familia za Afrika Mashariki na Kongo zilizohamia Dallas, Fort Worth na Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mtoto wa miaka 5 anayevaa nepi aghalabu huonekana mkaidi, na mamaye hulaumiwa.

Wataalamu wanaeleza kuwa mtoto mwenye usonji huenda asitambue mapema dalili za haja, aogope mngurumo wa maji chooni, au asumbuliwe na kufunga choo, tatizo linalomhitaji daktari kwanza.

Mwaka 1971, wanasaikolojia Nathan Azrin na Richard Foxx walichapisha mbinu waliyoitumia kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili: kuongeza vinywaji, kwenda chooni kila nusu saa na kumtuza anayefaulu. Adhabu zilizokuwamo hazipendekezwi tena. Picha za kila hatua zimeongezwa.

Sheria ya Marekani inawapa watoto wenye ulemavu elimu ya umma bila malipo kuanzia miaka 3, na nepi si sababu ya kuwakataa. Mzazi anaweza kuomba mafunzo ya choo yaandikwe katika mpango wa elimu wa mtoto wake, na shule imtafutie mkalimani kikaoni. Anayenyamaza kwa aibu humkosesha mwanawe haki hiyo.