TUNAHESABU KUTOKA WAPI?
Fundi wa mashine, mpiga mizinga na polisi wa barabarani wana somo moja

Tarehe 5 Desemba 2001, karibu na mji wa Kandahar nchini Afghanistan, mwongozaji wa ndege wa jeshi la Marekani alikuwa akitafuta mahali alipo adui kwa chombo cha mkononi kinachopokea ishara za setilaiti. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa baadaye, betri ya chombo hicho ilibadilishwa katikati ya kazi. Kilipowaka upya kilionyesha namba za mahali kilipokuwa chenyewe, wala si za adui. Namba hizo zilipelekwa angani, na bomu la ratili 2,000 likaanguka pale pale lilipoelekezwa. Askari 3 wa Marekani na wapiganaji kadhaa wa Kiafghani walipoteza maisha yao. Hamid Karzai, aliyekuwa karibu, alijeruhiwa.

Ndege ilifuata amri, na bomu lilifuata namba lililopewa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya amri kutoka: namba hizi ni za mahali gani, nazo zimehesabiwa kutoka wapi?

Ndugu msomaji, swali hilo humkabili kila siku fundi anayesimama mbele ya mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC. Askari wengi hutumikia katika karakana, na wengine wataingia viwandani baada ya kustaafu. Inafaa basi tulitazame jambo hili kwa makini.

ILIZALIWA KWA KAZI YA JESHI

Mashine za namna hii zina asili ya kijeshi. Katika miaka ya 1940 Bwana John T. Parsons wa Traverse City, Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga lilikuwa gumu kulichonga kwa jicho na mkono peke yake, hivyo yeye na mwenzake Frank Stulen walipiga hesabu za nukta nyingi ambazo kisu kilipaswa kuzipitia. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani liliipa fedha kazi hiyo, na mwaka 1952 chuo cha ufundi cha MIT kikaonyesha hadharani mashine iliyofuata namba zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Leo kompyuta imechukua mahali pa utepe, lakini msingi haukubadilika: mashine hupewa namba, nayo huenda.

Namba hizo ni za mihimili mitatu. Katika mashine iliyosimama wima, X ni kulia na kushoto, Y ni mbele na nyuma, na Z ni juu na chini. Kila namba ni umbali kutoka sifuri, na hapo ndipo lilipo tatizo, kwa sababu mashine ina sifuri mbili.

SIFURI MBILI

Ya kwanza ni sifuri ya mashine. Hiyo imewekwa na kiwanda kilichoiunda, wala fundi haihamishi. Mashine nyingi, hasa za zamani, huisahau umeme unapozimwa. Kwa hiyo jambo la kwanza asubuhi ni kuirudisha mashine nyumbani, yaani kuipeleka hadi kwenye swichi za mwisho wa njia zake ili ijitambue ilipo. Anayeruka hatua hiyo yuko katika hatari ile ile ya chombo kilichobadilishwa betri.

Ya pili ni sifuri ya kazi. Hiyo huchaguliwa na fundi mwenyewe juu ya chuma kilichofungwa katika jiliwa, aghalabu kwenye pembe ile ambayo mchoraji wa ramani ya kazi alianzia vipimo vyake. Mashine haina macho ya kukiona chuma hicho. Ni lazima iambiwe kilipo, na umbali huo huandikwa katika kumbukumbu zake chini ya alama za G54 hadi G59, nafasi sita kwa kazi sita.

Askari anayesoma ramani hatashangaa. Naye huhesabu mistari ya mashariki kwanza, kisha ya kaskazini, kutoka sifuri ambayo watu wamekubaliana. Ramani nyingi za zamani za Afrika ya Mashariki zimechorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali vyombo vya setilaiti kwa kawaida huhesabu kwa msingi wa WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa misingi hiyo miwili huonyesha mahali pawili palipoachana kwa mita zipatazo 300. Kwa mpiga mizinga, huo ni umbali kati ya adui na wenzake.

KUITAFUTA PEMBE

Tuchukue mfano. Bamba la chuma lenye urefu wa milimita 100 na upana wa milimita 60 limefungwa katika jiliwa, na sifuri inatakiwa iwe pembe ya mbele kushoto. Fundi hufunga katika kichwa cha mashine fimbo ya kutafutia ukingo, yenye kipenyo cha milimita 10, kisha huisogeza polepole mpaka iguse ubavu wa kushoto wa bamba. Tuseme mashine inasoma X -312.400. Je, hapo ndipo ulipo ukingo? La! Mashine husoma katikati ya fimbo, na katikati hiyo ingali nje ya bamba kwa nusu ya kipenyo, yaani milimita 5. Ukingo wenyewe uko X -307.400. Vivyo hivyo, fimbo ikigusa ubavu wa mbele na kusoma Y -205.600, ukingo uko Y -200.600.

Anayesahau milimita hizo 5 hatagundua kosa lake upesi. Matundu yatatoboka sawasawa, na nafasi kati ya tundu na tundu itakuwa sahihi. Lakini yote yatakuwa yamehama kwa milimita 5 kutoka ukingoni, na kipande kitakataa siku ya kufungwa bolti.

Kosa la Z ni baya zaidi. Kila kisu kina urefu wake, na kila urefu lazima uandikwe peke yake. Kisu kirefu kikitumiwa kwa namba ya kifupi kitashuka kwa kasi hadi ndani ya chuma au juu ya jiliwa, na vipande vyake huweza kuruka kama risasi. Hali kadhalika, anayechanganya inchi na milimita huzidisha au hugawanya kila kipimo kwa 25.4.

HAKIKISHA KABLA YA KUPIGA

Dawa yake askari anaijua. Hakuna anayekwenda vitani na bunduki ambayo nishani yake haijarekebishwa kwenye uwanja wa shabaha. Fundi mwangalifu naye huiinua sifuri ya Z kwa milimita 100 na kuiendesha programu hewani, amri moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa taratibu, mkono ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha. Baada ya kuona kwamba kisu kinapita juu ya mahali panapostahili, ndipo anapoirudisha sifuri mahali pake na kukata chuma.

Lipo na jambo la kuandika. Polisi anayepima mahali pa ajali huchagua kwanza kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme au jiwe la kilomita, kisha hupima kila kitu kutoka hapo na kukitaja katika mchoro wake. Asipokitaja, vipimo vyake havitamsaidia hakimu hata vikiwa sahihi. Fundi anayekabidhi zamu pasipo kuandika sifuri iko pembe ipi na katika alama ipi anamwachia mwenzake mtego.

Mashine itatii amri mbaya kwa utii ule ule inaotii amri njema. Wajibu wa kuuliza umebaki kwa mwanadamu, nao ni wa kutimizwa kabla kidole hakijabonyeza kitufe.