Ubao Uliosema "Subiri Nikauke"

Sogeeni, wapwa zangu. Kaeni hapa mkekani, tubanane kidogo. Mmoja wenu ameniletea swali, na swali zuri haliwekwi kiporo.

Ameuliza hivi: "Mjomba, kwa nini watu wazima waende likizo baharini, halafu wakakae kuchora picha? Likizo si ya kupumzika?"

Umeuliza vizuri sana! Anayeuliza "kwa nini" huona mambo ambayo wenzake wanayapita tu njiani. Kwa hiyo sitakujibu kwa neno moja. Nitakujibu kwa hadithi.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mume na mke. Mume alikuwa mwalimu. Mke alikuwa muuguzi. Walikaa Dodoma, na Dodoma haina bahari. Mwaka mzima mume alisahihisha madaftari. Mwaka mzima mke alikesha wodini. Likizo ilipofika wakaambiana, "Twende Dar es Salaam. Twende tukajifunze kuchora."

"Mjomba, wanaokwenda likizo kuchora si wazungu tu?"

Hapana, mpwa wangu. Wageni wa Ulaya wapo, na wa Japani wapo. Lakini brashi haiulizi pasipoti. Anayetaka kuchora, na achore.

Basi wakapanda treni ya umeme, wakateremka Dar, wakafikia kwa shangazi yao Tandika, kule Temeke. Shangazi akawapikia wali na samaki wa nazi. Kulipokucha akawasindikiza mpaka kituo cha daladala. Daladala ikaenda, ikasimama. Ikaenda, ikasimama. Wakatoka Temeke, wakapita mjini, wakaingia Kinondoni. Wakashuka Oysterbay, Barabara ya Haile Selassie, karibu na Morogoro Stores.

Hapo ndipo penye wachoraji. Ukutani kuna tembo wekundu. Kuna kanga wenye madoadoa. Kuna twiga wanaocheka.

"Shikamoo, fundi," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Karibuni sana." Fundi akawapa ubao.

"Ubao mmoja tu?" akauliza mume.

"Mmoja. Ninyi wawili, picha moja."

Mume akachovya brashi. Kabla haijagusa, Ubao ukasema!

"Msiniogope," ukasema Ubao. "Ila kabla hamjanipaka, nijueni. Zamani nilikuwa mti. Kiwandani nikasagwa mpaka nikawa nyuzinyuzi. Nyuzi zikatandazwa, zikabanwa kwa joto kali. Nikawa mwembamba na mgumu. Uso wangu laini, mgongo wangu una alama za wavu. Njia hiyo aliibuni Mmarekani mmoja, William Mason, mwaka 1924. Mafundi ujenzi wakanipenda. Wakanipigilia darini. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja nitabeba chui."

"Aliyewaza ni nani, basi?" akauliza mke.

"Edward Saidi Tingatinga."

Naona mkono umeinuliwa pale nyuma. "Mjomba, tingatinga si lile la kuchimba barabara?" Huyu ni mtu, mwanangu, na hilo ni jina lake. Tuusikilize Ubao.

"Alizaliwa mwaka 1932, kusini, Tunduru," ukaendelea Ubao. "Akaenda Tanga, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akaja Dar es Salaam. Akatunza bustani za watu, akafanya vibarua vingine. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakusoma chuo cha sanaa. Hakuwa na rangi za bei kubwa. Alinichukua mimi, ubao wa dari, akanikata mraba, kila upande kama sentimita 60. Akanunua rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Akamchora mnyama mmoja, mkubwa, katikati. Nyuma yake akaacha rangi tupu. Mwilini akaweka nukta. Akaziuza picha zake hapahapa Morogoro Stores, kwa watu waliokuja kununua mahitaji yao."

"Mjomba, kwa nini rangi ya baiskeli?"

Swali la mtu mwenye akili! Kwanza, ilipatikana dukani. Pili, mfuko wake uliimudu. Tatu, inang'aa. Baiskeli inapita kwenye mvua na jua, na rangi yake bado inang'aa. Tingatinga aliona baiskeli kama sisi sote tunavyoziona. Lakini yeye alitazama. Akajua kwamba rangi iliyo kwenye fremu inaweza kukaa kwenye chui.

Sasa turudi kwa mume na mke.

Wakakubaliana wachore chui akiwa ufukweni. Mume akapaka nyuma yote rangi ya buluu. Alipomaliza tu, akachukua brashi ya njano.

"Subiri nikauke," ukasema Ubao.

Mume hakusubiri. Akachora mgongo wa chui. Akachora miguu. Akachora mkia. Kumbe njano ikaingia ndani ya buluu mbichi! Na njano ikichanganyika na buluu, inakuwa nini?

"Kijani!"

Haswa. Chui wa kijani! Mke akacheka mpaka machozi. Mume akashika kitambaa afute.

"Usifute," akasema fundi. "Ukifuta utachafua zaidi. Mwache akauke. Juu ya kijani kikavu, njano itakaa."

"Subiri nikauke," ukasema Ubao.

"Mjomba, mbona nguo hukauka upesi, na rangi ya mafuta inachelewa?"

Lo, nalipenda swali hilo. Nguo hukauka maji yakiondoka. Yakiondoka, kazi imekwisha. Lakini rangi ya mafuta ina kazi mbili. Kwanza thina, kile kinachonuka puani, hupaa na kuondoka. Halafu mafuta yaliyobaki hupokea oksijeni kutoka hewani, nayo oksijeni huyaunganisha. Tazama mkeka huu tuliokalia. Ukindu mmoja peke yake unateleza, unapeperuka. Lakini ukisukwa na wenzake, unatubeba sisi sote. Rangi mbichi ni ukindu ambao bado haujasukwa, na hewa ndiyo msusi. Ukiuingilia usukaji kabla haujakamilika, unaharibu. Ukiuachia muda, hata ukiimwagia maji, rangi haitoki.

Na huku pwani, siku za unyevu na mvua, msusi huyo hufanya kazi polepole. Kwa hiyo mchoraji afanye nini?

Asubiri!

Mume na mke wakasubiri. Na kusubiri kwao hakukuwa kulala. Wakaenda Coco Beach. Wakanunua mihogo ya kukaanga na pilipili. Wakakaa mchangani, wakatazama maji.

"Bahari ni ya buluu," akasema mume.

"Bahari ni ya kijani, mume wangu," akasema mke.

"Buluu!"

"Kijani!"

Ninyi mnasemaje? Nani alisema kweli?

"Mjomba, maji hayana rangi. Ya ndoo ni meupe tu."

Umetazama ndoo, hongera! Maji ya ndoo ni kidogo. Sasa sikia. Mwanga wa jua umebeba rangi zote za upinde wa mvua. Ukiingia kwenye maji mengi, maji humeza rangi nyekundu kwanza. Buluu husafiri mbali, na sehemu yake hurudi mpaka machoni mwetu. Kwa hiyo mbali, kwenye kina kirefu, bahari ni ya buluu. Karibu na ufuko maji ni machache, na chini yake kuna mchanga mweupe unaorudisha mwanga. Hapo unaona kijani. Na masika mvua ikinyesha sana, Mto Msimbazi huteremsha tope, na hapo unapoingilia baharini maji huwa ya udongo.

Mume alikuwa anatazama mbali. Mke alikuwa anatazama karibu. Wote wawili walisema kweli! Wakacheka, wakamaliza mihogo, wakakubaliana wapake zote mbili. Buluu juu, kijani chini.

Wakarudi. "Umekauka?" akauliza mume.

"Bado. Subiri nikauke."

Basi asubuhi nyingine wakaenda soko la samaki la Feri. Mara ya kwanza waliona samaki tu. Wakasimama kidogo. Wakaona changu. Wakaona kolekole. Wakaona pweza. Wakasimama zaidi. Wakaona kwamba changu mwekundu hana wekundu mmoja. Mgongoni umekolea, tumboni umefifia. Muuza samaki akawauliza, "Mnanunua?" Mke akajibu, "Tunatazama kwanza, kaka, halafu tutanunua." Na kweli wakanunua, wakampelekea shangazi Tandika.

Sasa mpwa wangu mwenye swali, sogea karibu, jibu lako limefika. Mwalimu yule alizoea kutafuta makosa. Kila daftari, kosa liko wapi? Sasa alikuwa anatafuta rangi. Muuguzi yule alizoea kukimbia. Akiitwa, anakimbia. Sasa hakuna aliyemwita ila Ubao, na Ubao ulimwambia asubiri. Kuchora kulibadilisha kazi ya macho yao, kukabadilisha mwendo wao. Ndiyo pumziko lao hilo. Kuna anayepumzika kwa kulala, naye ana haki yake. Na kuna anayepumzika kwa kutazama kitu kimoja mpaka akijue.

Wakarudi Oysterbay. "Umekauka?"

"Nimekauka," ukasema Ubao.

Mke akampaka chui njano. Wakasubiri. Mume akaweka nukta nyeusi, moja baada ya moja. Za kwanza zilikimbiana, maana mkono wake bado ulikuwa na haraka ya Dodoma. Za baadaye zikatulia. Nukta, pumzi. Nukta, pumzi. Mke akachora masharubu. Mume akachora kucha. Ukitazama vizuri nyuma ya sikio la chui, kijani kidogo bado kinachungulia. Wakakiacha. Fundi akakitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mjomba, na Tingatinga mwenyewe alimwona chui huyo?"

Hapana, mwanangu. Hili ni gumu, lakini wewe ni mtoto wa kuambiwa kweli. Mwaka 1972 Edward Tingatinga alipigwa risasi na polisi hapa Dar es Salaam. Walimdhania mhalifu anayetoroka, naye hakuwa. Alikuwa na miaka 40 tu. Aliacha mke na watoto. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi. Miaka minne! Darasa la kwanza mpaka la nne, basi.

"Sasa mbona picha zake hazikwisha?"

Hapo! Hapo ndipo nilipotaka tufike. Hazikwisha kwa sababu alifundisha. Alipoanza kuuza, hakujifungia chumbani na siri yake. Aliwaita ndugu na jamaa wakae pamoja naye, watazame mkono wake. Walikuwapo January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah. Alipoondoka, mikono yao ilikuwa imeshajifunza. Nao wakafundisha wengine. Wengine wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao wakaunda chama chao cha ushirika, na mpaka leo wako hapo Oysterbay.

Wanafunzi hawakubaki na mnyama mmoja tu. Wakachora ndege kundi zima. Wakachora soko, harusi, hospitali, kijiji chenye watu mia. Siku hizi wengi hupaka juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, maana kitambaa kinakunjika, na mgeni anaweza kukisafirisha. Lakini wanaanza palepale. Rangi ya nyuma kwanza. Kisha nini?

"Subiri ikauke!"

Nawapenda ninyi!

Sasa nina kazi kwa ajili yenu, watoto wa Mbagala na wa Mwananyamala, wa Tandika na wa Msasani. Msingoje mpaka mpate ubao. Ombeni boksi tupu dukani, likateni mraba. Tumieni rangi mliyonayo, hata kama ni mbili tu. Chagueni mnyama mmoja mnayemwona kila siku. Si lazima simba. Simba wako mbali. Mchukueni kunguru, yule anayewaibia mkate kwenye sahani. Pakeni rangi ya nyuma, muiache. Wakati inakauka, nendeni mkamtazame. Anatembeaje? Anainamishaje kichwa? Kisha rudini mchore, na mwite mdogo wako akae pembeni, aone unavyofanya.

Mkimaliza, nileteeni. Sitauliza kama picha ni nzuri. Nitauliza rangi za kunguru ni zipi. Tayari nawasikia mnasema, "Mjomba, kunguru ni mweusi!" Haya, yuko pale juu ya ukuta. Mtazameni shingoni, kisha mniambie.