Faili Lako Limekwama Wapi? Jinsi Ramani ya Hatua za Kazi Inavyosaidia Kurekebisha Huduma

Mwenye kibanda cha chakula anayetafuta leseni ya biashara mwezi Januari anaijua vyema safari yake. Ataanzia dirisha la mapato, aende kwa afisa wa afya ya umma, aende kwa zimamoto, kisha arudi dirishani na nakala ya kitambulisho alichokuwa amekionyesha siku ya kwanza. Akiuliza faili lake liko wapi, huambiwa liko "juu". Juu ni wapi, pengine hata karani aliyemjibu hajui.

Huenda karani huyo anasema kweli. Anaijua hatua yake tu, na afisa wa afya anaijua yake. Aliyeiona safari yote, tangu faili linapofunguliwa hadi leseni inapochapishwa, ni mwananchi anayelifuata mlango hadi mlango, na yeye ni nadra kuulizwa.

Ndiyo maana ofisi inayotaka kubadilisha huduma hushauriwa ianze kwa kuchora ramani ya hatua za kazi. Mbinu yenyewe ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1921 Frank Gilbreth na mkewe Lillian waliwaonyesha wahandisi wenzao nchini Marekani jinsi kazi yoyote inavyoweza kuchorwa hatua kwa hatua kwa alama chache. Frank alikuwa ameanza maisha kama fundi wa kujenga kwa matofali, na alikuwa ameona jinsi fundi anavyopoteza nguvu akiinama kuokota kila tofali.

Vifaa ni karatasi kubwa ukutani, kalamu na vikaratasi vya kubandika. Walio muhimu ni watu: karani wa dirishani, wa masijala, afisa wa mapato, mkaguzi wa afya, na tarishi asisahaulike, kwa sababu yeye ndiye anayejua faili hulala wapi. Hawaulizwi utaratibu unasemaje kwenye kitabu. Kila mmoja anaombwa aeleze faili la mwisho lililopita mikononi mwake: lilitoka kwa nani, alilifanyia nini, akampa nani.

Chini ya kila hatua huandikwa muda wa kazi na muda wa kungoja. Tuseme, kwa mfano tu, leseni ina hatua 14. Kazi yenyewe ikijumlishwa ni dakika 95, lakini mwombaji anangoja siku 16. Karibu siku zote hizo faili limelala kwenye trei. Hapo itaonekana kwamba kuongeza makarani dirishani hakutasaidia kitu ikiwa faili linangoja sahihi moja ya afisa ambaye siku 3 za wiki yuko nyanjani.

Ramani hufichua mengine pia. Kuna muhuri ulioongezwa zamani baada ya hasara fulani. Aliyeuagiza amestaafu, muhuri umebaki. Kuna nakala inayoombwa mara 3 kwa sababu idara 3 hazipeani. Na kuna mahali ambapo faili halisogei mpaka mwenyewe aje kulisogeza. Hapo ndipo broka hupata riziki yake, kwa kuwa anauza habari ambayo ilipaswa kubandikwa mlangoni.

Kwa kila hatua huulizwa inatokana na sheria gani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na watawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria na kwa haki. Hatua isiyo na sheria wala sababu inayoeleweka iondolewe.

Lakini si kila kungoja ni hasara. Wanaopika na kuandaa chakula hupimwa afya, na jikoni hukaguliwa, kwa sababu kipindupindu hakingoji mtu apate leseni. Ramani inayoondoa ukaguzi ili siku zipungue imetumiwa vibaya. Afadhali ukaguzi uanze siku ile ile ombi linapopokelewa, badala ya kungoja malipo yathibitishwe kwanza.

Jambo jingine ni kompyuta. Wengi wameshalipia huduma kwa simu, kisha wakatakiwa kuchapisha risiti na kuipeleka ofisini igongwe muhuri. Utaratibu wa zamani ukiingizwa kwenye mfumo mpya bila kuchorwa na kupunguzwa kwanza, mwananchi huishia kupanga foleni mbili, moja ya simu na moja ya dirisha.

Sehemu ngumu huwa ni wafanyakazi. Afisa anayeona muhuri wake ukiondolewa ukutani huhisi ni yeye anayeondolewa. Kwa hivyo ramani huchorwa naye akiwepo, na huelezwa mapema kwamba hatafutwi mkosaji. Ramani ya pili, ya utaratibu mpya, hujaribiwa kwanza katika kaunti ndogo moja na kwa aina moja ya leseni, kisha muda hupimwa kama ulivyopimwa mwanzo. Ukifaulu, majukumu mapya huandikwa na fomu za zamani huondolewa stoo. Zikiachwa, baada ya miezi michache kuna atakayezitoa tena.

Mkazi naye ana la kuchangia. Aandike tarehe aliyowasilisha ombi, kila ofisi aliyotumwa, siku alizorudishwa na alichoambiwa akalete. Orodha hiyo anaweza kuikabidhi kwa msimamizi wa wadi au kuisoma kwenye kikao cha maoni ya umma. Na akinyimwa leseni, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.